Beringi ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Sylus Mwandawiro aliegesha vani mbele ya gereji ya Dishon Oundo mjini Voi, Jumatatu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, akazima injini na kungoja itetemeke mara tatu kabla ya kukata roho, kama ilivyokuwa desturi yake. Ilikuwa vani ya mwaka wa themanini na nane iliyoanza maisha ikisambaza mikate. Ubavuni, chini ya rangi nyeupe iliyopakwa na mtu mvivu, maneno MKATE MTAMU bado yalisomeka, na kule kwao Kasigau hakuna aliyeiita kwa jina lingine.

"Mkate umepita?" watu waliulizana barabarani.

"Umepita, lakini unalia."

Kulia huko ndiko kulikomleta.

"Inalia vipi?" Dishon aliuliza. Alikuwa fundi mnene, mpole, mtoto wa mtu wa reli, aliyezaliwa Voi mita chache kutoka kwenye njia ya gari moshi. Alijivunia kwamba alianza kusikiliza chuma akiwa tumboni.

"Mmmmmm," akasema Sylus.

"Mmmm ya nyuki ama mmmm ya ng'ombe?"

Sylus akafikiria. "Ya mama mkwe amekaribishwa chakula na hataki."

"Hiyo ni beringi," akasema Dishon, akachukua funguo.

Walikuwa na saa nne. Binti ya Sylus, Wendy, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa hospitalini akisafishwa damu, na mashine ilichukua saa nne, si zaidi wala si pungufu. Figo zake zilikuwa zimestaafu. Kila Jumatatu na Alhamisi ilibidi afike Voi, na kitu pekee kilichotoka upande wao wa mlima saa ambayo ingemfikisha kwa wakati kilikuwa Mkate. Mwezi wa pili gurudumu la nyuma lilikaza karibu na Maungu wakakosa Alhamisi moja. Kufikia Jumamosi Wendy alikuwa amevimba uso mpaka simu yake mwenyewe ikakataa kumtambua, na alilala akiwa ameketi, kwa sababu akilala chali maji yalimpanda kifuani. Daktari alisema akikosa mara mbili mfululizo, wasijisumbue kuleta gari mara ya tatu. Alisema kwa upole, akiandika.

Dishon aliiendesha vani hadi nje ya mji na kurudi. Haikulia.

"Gari ni kama mtoto," akasema. "Akiona daktari anapona." Kisha akapiga jeki upande wa nyuma, akashika tairi juu na chini na kulitikisa, na tairi likacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akalizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa juu ya springi. Alihisi mchanga unasagwa. Akafungua. Beringi ya kushoto ilikuwa imekwisha; gololi zake zimetafunwa kama gunzi la hindi.

Akaweka mpya. Saa tano na nusu Sylus akaenda kumchukua Wendy.

Alhamisi walirudi. Beringi ya siku tatu ilikuwa gunzi.

"Ni ya bandia," akasema Dishon, akaagiza nyingine Mombasa, ikaja na basi. Jumatatu, hiyo nayo ilikuwa gunzi. Dishon akaacha mzaha. Alitoa propela shafti akabadilisha kros zote mbili, ingawa hazikuwa na neno. Alimwaga oili ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma, kwenye karai, akaichekecha kwa vidole akitafuta unga wa chuma, hakuna. Akaangalia ekseli kama imepinda. Haikupinda. Akabadilisha beringi ya kulia pia ili ya kushoto isijisikie inaonewa. Kila alipomaliza alienda kuijaribu barabarani, yeye na Sylus, na vani ilinyamaza kimya kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Sasa niambie polepole," akamwambia Sylus. "Hiyo sauti huanzia wapi?"

"Maungu. Kutoka nyumbani ni marram tupu, kila kitu kinapiga kelele, mpaka meno yangu. Tukipanda lami pale Maungu, ndio inasikika."

"Na ukirudi nyumbani?"

"Pia. Mpaka lami iishe."

"Lakini mimi na wewe tukienda, hakuna."

"Hakuna."

Dishon akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. "Alhamisi nitawangojea Maungu," akasema.

Alhamisi saa kumi na mbili na robo asubuhi alikuwa amesimama pale barabara ya Kasigau inapokutana na lami, na bisibisi ndefu mkononi. Mkate ulifika na vumbi jekundu. Mbele alikuwa Sylus. Nyuma alikuwa Wendy, amejifunika leso mpaka kidevuni, na kando yake, juu kabisa ya gurudumu la kushoto, alikaa nyanya yake, mama yake Sylus, aliyeitwa Susan. Huyu alikuja kila safari kushika mfuko wa matokeo ya damu na chupa ya uji. Alikuwa mama mdogo wa mwili, nadhifu, mwenye tabasamu ambalo halikupungua wala kuongezeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndiye wewe fundi ambaye hujui?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nyanya!" akasema Wendy. "Samahani, fundi. Yeye husema ukweli kabla ya saa moja pekee."

Dishon akaketi mbele. Walipopanda lami, ikaanza. Mmmmmm. Dishon alifumba macho. Alimwambia Sylus afike sitini, kisha aondoe mguu kwa mafuta. Sauti haikubadilika, kwa hiyo haikuwa difu. Akamwambia aweke gia huru. Sauti iliendelea, kwa hiyo haikuwa injini wala gia boksi. Akamwambia akate kulia, polepole, uzito uende kushoto. Sauti ikapanda. Akate kushoto. Ikashuka.

"Ni hapo tu," akasema Dishon. "Nyuma kushoto. Na nimeibadilisha mara tatu." Halafu akasema, "Mama, naomba uhamie upande wa pili, ubadilishane na msichana."

Susan akahama. Sauti ikahama naye. Sasa ilitoka gurudumu la kulia.

"Mama, hebu njoo hapa mbele."

Sylus akasimamisha gari, Susan akaja mbele, Dishon akahamia nyuma. Gurudumu la mbele kushoto, ambalo halijawahi kuwa na kesi na mtu, likaanza: mmmmmm.

"Wueh," akasema Wendy.

Dishon aliomba ruhusa, akaweka mpini wa bisibisi sikioni mwake na ncha yake mgongoni mwa Susan, juu ya sweta, chini kidogo ya bega la kushoto. Akasikiliza. Akasogeza ncha vidole viwili chini, akasikiliza tena.

"Ni beringi," akasema. "Imekwisha vibaya. Gari haina makosa, inamwitikia tu."

"Nyanya," akauliza Wendy, "umefikisha kilomita ngapi?"

"Miaka sabini na moja," akasema Susan. "Na sijawahi kulala gereji."

Walimfikisha Wendy kwenye mashine saa moja na nusu kamili. Muuguzi alisema atamwangalia. Kisha Sylus na mama yake wakaenda na Dishon hadi gereji, Susan akapewa kiti cha vani nyingine iliyokufa zamani, akaketi kwa adabu, mfuko mapajani.

Sylus alimvuta fundi kando.

"Hiyo si ugonjwa," akasema. "Ni hasira. Sisi Wataita tunaijua. Mzee akiweka hasira moyoni bila kuitoa, inatoka yenyewe, inaharibu vitu."

"Basi iende iharibu vya yule aliyemkasirisha."

"Haiendi huko. Hasira ya mzee haimtafuti aliyekosea. Inamtafuta wa nyumbani."

"Kwa nini?"

"Ndiye aliye karibu."

Dishon alikubali. Ilikuwa na mantiki. Uzito huvunja kilicho chini yake, si kilicho mbali. "Na dawa?"

"Lazima atase."

"Awe tasa? Bwana, si wewe ni mtoto wake?"

"Ku-ta-sa. Ni neno letu. Anachukua kinywaji mdomoni, anakitema kama mvua, na anasema amemwachilia yule mtu, amtakie mema. Zamani ilikuwa mbangara. Lakini mdomo na moyo lazima viseme kitu kimoja. Vikitofautiana, ni kutema mate tu."

Susan alikuwa amesikia yote. Masikio yake hayakuwa na kasoro. "Mimi sina hasira na mtu," akasema kutoka kwenye kiti. "Mimi nimeokoka tangu themanini na tatu. Niulizie kanisani."

"Mama, fundi amesikia."

"Amesikia na bisibisi. Mimi nasikia na Roho."

Hata hivyo hakukataa. Kwa kuwa mbangara ni pombe, Dishon alivuka barabara akanunua juisi ya miwa kwa mtu wa mkokoteni, glasi kubwa, yenye ndimu. Susan akasimama, akavuta sweta, akachukua funda moja, akalipulizia sakafuni. "Mungu ambariki kila mtu," akasema. "Ambariki na Zephaniah."

Ilianguka juisi. Nzi wakaja. Dishon akaweka bisibisi mgongoni: mmmmmm.

"Mama, hiyo ilikuwa ya kanisani," akasema. "Naomba ile ya nyumbani."

Sylus alikaa chini mbele ya mama yake, kwenye tairi kuukuu. "Zephaniah amefanya nini, mama? Sema kwanza. Huwezi kutoa kitu hujakishika."

Susan aliangalia glasi. Alipoanza kusema hakupaza sauti, na lile tabasamu halikuondoka, kwa sababu lilikuwa limekaa pale miaka mingi na halikujua pa kwenda.

"Nilimpa robo eka," akasema. "Ile yenye udongo mweusi, karibu na bomba. Alikuja na watu wa miradi ya serikali, yeye ndiye afisa wao, akasema ni ya dispensari, nikasema chukua, nitakuwa nimezika jina langu mahali pazuri. Ikajengwa. Wakaleta meza. Wakaleta mashine ya kupima presha. Halafu Zephaniah akafunga mlango akaenda na ufunguo, akasema inangoja kufunguliwa rasmi. Miaka minne. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi nakuja hapa Voi, naketi kwa benchi nje ya ofisi yake, na karatasi ya shamba. Sisemi kitu. Naketi tu, anione."

"Tunajua, mama."

"Hamjui. Wendy aliumwa na kichwa miaka miwili. Nilimpa tembe, nikamfunga kitambaa, nikasema ni jua. Ilikuwa presha, inakula figo. Alikuwa anaegemea ule ukuta wa dispensari kwa sababu una kivuli, ameshika kichwa. Na ile mashine iko ndani, juu ya meza, kwenye nailoni yake. Naiona kwa dirisha nikienda kuchota maji. Daktari aliponiuliza, 'Mama, kwani huko kwenu hakuna hata mashine ya presha?' nilimwambia hakuna. Nilidanganya, mimi niliyeokoka. Iko. Naijua mpaka rangi. Ni ya samawati."

Mtu aliyekuwa akigonga bodi ya gari upande wa pili alishusha nyundo.

"Sasa unataka nimtakie mema," akasema Susan.

"Mimi sisemi hana makosa," Sylus akajibu. "Makosa yako pale pale. Nasema tu kwamba Wendy anakaa juu ya ile tairi. Beringi moja ni siku tatu, mama. Imebaki moja tu. Tairi likitoka pale kwenye mteremko…" Hakumalizia. "Sina njia nyingine ya kumfikisha. Nimetafuta. Hakuna."

Gari moshi la mizigo lilipita, behewa baada ya behewa, na Susan akalingoja liishe kama mtu anayengoja mwingine amalize kuongea.

"Nilimpa shamba," akasema. "Basi nimpe na hii pia."

Akachukua funda la pili. Alilishikilia mdomoni, macho yamefumbwa, akatafuta ndani, akapata, akavuta. Kisha akatema. Juisi ilitoka kama mvua ya rasharasha, na pamoja nayo zikatoka gololi nane za chuma, zikagonga saruji moja baada ya nyingine na kubingirika chini ya vani.

"Zephaniah," akasema Susan, akihema, "nenda na amani. Watoto wako wakue. Mguu wako usijikwae."

Dishon alilala chini na kuzikusanya kwa sumaku. Alizipima na kuziweka kwenye kopo la misumari. Saizi ilikuwa ile ile. "Chuma kizuri sana," akasema. "Siku hizi hawatengenezi hivi." Halafu akamsikiliza Susan mgongoni. Alisikia moyo wa mama wa miaka sabini na moja, ukienda taratibu, na hakuna kingine.

Aliweka beringi ya mwisho. Saa tano na nusu walimchukua Wendy, wakarudi nyumbani wote watatu, na kutoka Voi hadi Maungu Mkate haukusema neno. Kimya kilikuwa kipya kiasi kwamba Wendy alisinzia. Walipokuwa karibu kufika walipita dispensari. Susan alichungulia dirishani.

"Wamelipaka rangi nzuri lile jengo," akasema.

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata hakwenda Voi. Alikumbuka kila kitu, hakuwa amesahau hata tarehe. Lakini alipokumbuka, ilikuwa kama kukumbuka bei ya sukari ya zamani. Alishinda nyumbani akichambua pojo na kuimba sauti ya pili ya nyimbo ambazo hakuna aliyeimba ya kwanza. Mashavu yalimjaa. Majirani walimsifu.

Benchi nje ya ofisi lilikaa tupu mwezi mmoja, kisha wa pili. Mtu wa kwanza kuligundua hilo alikuwa Zephaniah mwenyewe. Alilizunguka benchi mara kadhaa, akauliza kama yule mama amefariki, akaambiwa yu mzima. Basi Jumatano moja akaja Kasigau na gari la kazi na fomu.

Alikuwa mtu mwenye viatu vizuri. Alieleza kwamba mradi umeingia awamu ya pili. Dispensari haikuwa na muuguzi, dawa wala siku ya kufunguliwa, lakini ilikuwa imepitishwa iwe na maegesho ya ambulansi. Kwa maegesho hayo ilihitajika robo eka nyingine, na ua kuzunguka yote mawili, watu wasiwe wanachungulia vifaa vya serikali kupitia dirishani.

"Ni wewe tu, mama yetu," akasema. "Wewe ndiye mwanzilishi."

"Watoto hawajambo?" akauliza Susan.

"Hawajambo kabisa. Sijui ni baraka gani, mwaka huu hata mafua hawajapata."

Susan alifurahi kwa dhati. Akatuma kuku achinjwe. Akaweka sahihi.

Sylus alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kitu kikianza chini ya mbavu zake, upande wa kushoto, chembamba mwanzoni, halafu kikanenepa. Mmmmmm. Zephaniah akainua kichwa kutoka kwenye fomu.

"Ni nini hiyo?"

"Nyuki," akasema Sylus.

Alizunguka nyuma ya jiko. Angeweza kurudi ndani aichane ile karatasi. Ilikuwa hatua kumi na mbili. Lakini ilikuwa Jumatano, na kesho yake ilikuwa Alhamisi, na Wendy miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Akachukua kikombe cha uji uliolala, akatia funda mdomoni, akamtakia Zephaniah mema na kutema. Zilitoka gololi tatu, ndogo. Kuku mmoja alimeza moja kabla hajamfukuza. Sylus akapangusa mdomo, akarudi, akamsaidia Zephaniah kugeuza gari pale kwenye shimo.

"Nyinyi watu wa huku mna amani," Zephaniah akasema kupitia dirisha. "Kuna mahali naenda, watu wanapiga kelele mpaka kichwa kinauma."

"Asante," akasema Sylus.

Alhamisi walipopanda lami pale Maungu, wote watatu walisikiliza, wakasikia upepo tu. Ndipo Wendy akasema, "Baba, jana uliweka sahihi?"

"Nyanya yako aliweka."

"Na wewe?"

"Nilimsaidia kugeuza gari."

Wendy aliangalia nje. "Mimi mwenyewe nimejaribu kuweka hasira," akasema. "Nikikusanya kidogo Jumanne, Alhamisi mashine inaichukua. Muuguzi alipata vumbi la chuma kwenye kichujio, akalifuta, akaandika kwa faili. Siwezi kufikisha hata wiki moja." Akageuka. "Wewe huwezi kwa sababu ya gari. Mimi siwezi kwa sababu ya mashine. Nyanya, sasa ni nani atakasirika kwa niaba yangu?"

"Kukasirikia nini, mjukuu wangu?" akauliza Susan, akamfunika leso vizuri.

Sylus aliendesha kilomita kadhaa bila kuona barabara. Walipofika Voi na Wendy kuingizwa ndani, alikaa kwenye ngazi za hospitali akapiga hesabu za siku. Jumatatu na Alhamisi hazikuwezekana. Jumatano na Jumapili zilikuwa karibu mno na safari. Jumanne na Ijumaa Mkate ulibeba mboga za watu, na watu hao pia walikuwa na watoto. Ilibaki Jumamosi. Mtu akikasirika Jumamosi asubuhi, mbali na gari, tuseme kule juu mlimani, na akatasa kabla ya chajio, beringi haitajua. Alimpigia Dishon kuuliza kama inawezekana kitaalamu.

"Usizidishe saa sita," akasema Dishon. "Na usije na gari."

Kwa hiyo ilikubaliwa nyumbani kwamba Sylus angekasirika Jumamosi, kwa niaba ya Wendy, asubuhi nzima, na akiwa bado ameshika hiyo hasira angemwandikia barua mkubwa wa Zephaniah, kwa sababu barua za mtu mtulivu alikuwa ameshaziandika tatu na hazikujibiwa. Wendy alimnunulia karatasi za mistari na kalamu.

Jumamosi ya kwanza jirani yao alifiwa, Sylus akahitajika kuchimba kaburi, na mtu hawezi kukasirika kwenye matanga ya wengine. Jumamosi ya pili tembo waliingia kwenye pojo za Susan kabla ya jua kuchomoza, nyumba nzima ikashinda ikiwafukuza kwa madebe. Kufikia saa tisa Sylus alikuwa amechoka kiasi kwamba alijaribu kukasirika akalala.

Jumamosi ya tatu watu wa mradi walikuja kujenga ua na wakatangaza kibarua. Kulikuwa na mafuta ya safari ya Jumatatu ya kununua. Sylus alichukua sururu na kuchimba mashimo ya nguzo, ishirini na mbili, yenye kina sawa na yaliyonyooka kama yamepigwa kwa uzi. Msimamizi aliyasifu. Wendy alikaa kwenye kivuli akamletea maji, akahesabu mashimo kwa kidole. Saa kumi na moja jioni waya ulikuwa umevutwa na lango limefungwa kwa kufuli mpya.

Sylus aliegemea nguzo ya mwisho, akaweka kiganja kifuani, upande wa kushoto, akajisikiliza. Alingoja kwa muda mrefu, kwa uaminifu, mpaka jasho likakauka.

Hakukuwa na sauti yoyote.

Jumatatu waliondoka mapema, na walifika kwa wakati.